Kemron haikuuawa na majarida ya wazungu

Yapo maneno yasiyokufa katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi. Mojawapo ni kwamba Kenya iliwahi kuvumbua dawa ya Ukimwi, na kwamba wazungu, kwa husuda na kwa tamaa ya kuuza dawa zao wenyewe, waliiua dawa hiyo kwa kuinyima nafasi katika majarida yao ya tiba. Utayasikia kwenye vibanda vya chakula karibu na malango ya viwanda vya Enterprise Road, na utayasikia ndani ya matatu za Jogoo Road. Ugonjwa mpya unapozuka, maneno hayo hutolewa tena kama ushahidi uliokwisha kuthibitishwa. Maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walipomiminika Loliondo mwaka 2011 kunywa kikombe cha Babu, hoja ilikuwa hiyo hiyo. Madagaska ilipoitangaza dawa yake ya mitishamba ya Korona mwaka 2020, hoja haikubadilika.

Safu hii haiwacheki wanaoyasema maneno hayo. Wengi wao waliwazika ndugu zao katika miaka ya 1990, nao wana haki ya kuambiwa ukweli wote kuhusu jambo lililowapa matumaini makubwa namna ile.

Ukweli wenyewe ni huu. Mnamo Julai 1990, Rais Daniel arap Moi aliizindua rasmi dawa iliyopewa jina la Kemron. Watafiti wakuu walikuwa Dkt. Davy Koech, mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na Profesa Arthur Obel. Dawa ilikuwa intaferoni ya alfa kwa kipimo kidogo mno, ambayo mgonjwa aliinyonya mdomoni. Intaferoni hutengenezwa na mwili wenyewe katika kupambana na virusi, na madaktari wa ng'ambo walikuwa wakiidunga kwa sindano kwa kipimo cha mamilioni ya yuniti. Katika Kemron, mgonjwa alipewa yuniti mbili tu kwa kila kilo ya uzito wake.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wa vibandani hulisahau. Wazo la kutumia kipimo hicho kidogo lilitoka kwa Joseph Cummins, daktari wa mifugo wa Texas nchini Marekani, aliyekuwa amekijaribu kwa wanyama. Intaferoni yenyewe ilitoka katika maabara za Hayashibara nchini Japani. Kwa hiyo dawa tunayoambiwa kwamba wageni waliiua kwa kuwa ni ya Mwafrika, ilikuwa na baba wa Kimarekani na mama wa Kijapani. Kenya ilitoa wagonjwa, madaktari na jina.

Tena si kweli kwamba utafiti huo ulikosa kurasa za kuchapishwa. Matokeo yalitoka mwaka huo huo wa 1990 katika East African Medical Journal, jarida letu wenyewe, na katika Molecular Biotherapy la ng'ambo. Kilichokosekana ni imani ya wanasayansi wengine, na sababu yake si ngumu kueleweka hata kwa mtu asiyewahi kuingia maabara. Ripoti moja ilieleza habari za wagonjwa 40. Wote walipewa dawa. Ilidaiwa kwamba dalili zao zilipungua na kwamba seli zao za kinga ziliongezeka. Katika kundi kubwa zaidi, ilidaiwa hata kwamba baadhi ya wagonjwa walipopimwa tena hawakuonekana kuwa na virusi. Lakini hapakuwa na kundi la pili la wagonjwa waliopewa kitu kisicho na dawa ili hali zao zilinganishwe.

Fundi yeyote wa kiwanda cha rangi huko Industrial Area angeliona pengo hilo. Ukitaka kujua kama rangi yako inazuia kutu, hupaki mabati yote halafu ukasema hayajashika kutu. Unaliacha bati moja bila rangi, juu ya paa lile lile na chini ya mvua ile ile, kisha unangoja. Mgonjwa wa Ukimwi hupata nafuu kwa vipindi hata bila dawa. Hupata nafuu akipewa chakula bora, akitibiwa kifua kikuu, na akipata daktari anayemsikiliza kila wiki. Bila bati lisilopakwa rangi, hakuna awezaye kusema ni lipi kati ya hayo lililomsaidia.

Majaribio yenye kundi la kulinganisha yalikuja baadaye. Shirika la Afya Duniani liliendesha lake katika nchi kadhaa za Afrika, nalo halikuona faida yoyote. Madaktari wa Uganda wakawafuatilia wagonjwa zaidi ya 500, nusu wakipewa dawa na nusu wakipewa kisicho dawa, huku wagonjwa wala madaktari wasijue nani amepewa nini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1998: hapakuwa na tofauti. Waganda hao hawakuwa wazungu. Nchini Marekani, Wamarekani weusi waliokuwa na imani kubwa na Kemron waliishinikiza serikali yao hadi ikaanzisha jaribio. Nalo lilisimamishwa kabla ya muda wake.

Baada ya kusema hayo, ni lazima tuseme pia kwamba chuki ya wananchi wetu dhidi ya majarida makubwa haikuzuka hewani. Mtazame mwanamke wa Majengo, Pumwani. Tangu mwaka 1985, wanawake wanaojipatia riziki kwa ukahaba katika mtaa huo wamekuwa wakitoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Kutokana nao ulimwengu ulijifunza, katika jarida la Lancet la mwaka 1996, kwamba wapo watu wachache wanaokutana na virusi mara kwa mara bila kuambukizwa. Ujuzi huo ulichangia wazo la chanjo iliyotayarishwa pamoja na wanasayansi wa Oxford. Mwaka 2000 ikagundulika kwamba Waingereza walikuwa wameomba hataza ya chanjo hiyo bila kuwaweka wenzao wa Nairobi, waliokuwa chini ya Profesa Job Bwayo, na ugomvi mkubwa ukazuka kabla ya mambo kurekebishwa. Majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001 na chanjo haikufaulu. Hata hivyo somo la ugomvi ule lilibaki: damu ya Majengo ilikwenda mbali kuliko jina la Majengo.

Wala majarida hayo si malaika. Lancet hilo hilo lilichapisha mwaka 1998 utafiti wa Andrew Wakefield uliowatisha wazazi kuhusu chanjo ya surua, na likachukua miaka 12 kuufuta. Mwaka 2020 lilichapisha, kisha likaufuta baada ya majuma machache, utafiti wa dawa ya Korona uliotegemea takwimu za kampuni iliyoshindwa kuzionyesha. Kwa upande mwingine, mwaka 1983 Barry Marshall wa Australia alikataliwa makala yake kuhusu bakteria wa vidonda vya tumbo katika mkutano wa madaktari wa nchi yake. Mwaka 2005 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanaoitetea Kemron hupenda mfano huo. Wanachokiacha ni kwamba wengine walipoyarudia majaribio ya Marshall, waliwaona bakteria wale wale. Walioirudia Kemron hawakuona kitu.

Lawama ya safu hii inaelekea kwingine. Dawa ilitangazwa na Rais kabla ya kupimwa sawasawa, katika zama ambazo kumhoji Rais kulikuwa na gharama yake. Baada ya tangazo lile, ni mtafiti gani wa serikali angesimama kusema kwamba bati la pili halikuwekwa? Vyombo vya habari navyo, wenye kalamu wa fani yetu wakiwamo, vilishangilia zaidi kuliko vilivyouliza. Mwaka 1996, Profesa Obel alipojitokeza tena na dawa nyingine, Pearl Omega, wagonjwa walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba tangazo ni sawa na uthibitisho. Wakatoa pesa zao.

Tukumbuke walikuwa akina nani. AZT iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, lakini bei yake ya mwaka mmoja ilizidi ujira wa miaka mingi wa kibarua anayepanga foleni alfajiri kwenye lango la kiwanda cha Lunga Lunga Road. Kwa mtu huyo wa Mukuru au Makadara, Kemron haikuwa imeshindana na dawa nyingine yoyote. Ilishindana na kaburi. Husuda ya kweli ya matajiri, kama tunaitafuta, ilikuwa katika bei hiyo.

Na bei ndiyo iliyovunjwa hatimaye, kwa njia isiyo na shangwe. Mwaka 1996, mkutano wa Vancouver ulielezwa kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja hurudisha uhai. Mwaka 2001 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuingiza na kutengeneza dawa za bei nafuu. Mwaka 2004 kampuni ya Cosmos, yenye kiwanda papo hapo Industrial Area, kando ya Lunga Lunga Road, ilipata leseni ya GlaxoSmithKline ya kutengeneza zidovudini na lamivudini. Mwaka 2006 dawa zikaanza kutolewa bure katika hospitali za umma. Hakuna anayeisimulia habari hiyo ndani ya matatu, ingawa matatu hizo hizo hulipita lango lile kila siku.

Leo tuna sheria ya mwaka 2013 iliyounda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa kazi hiyo. Ahadi haijatimizwa, na mtafiti wetu bado huomba fedha kwa yule yule anayemlalamikia kuwa humdharau. Wabunge wa Mashariki mwa Nairobi, ambao wapiga kura wao wametoa damu kwa takriban miaka 40, wangefanya vyema kumuuliza Waziri wa Fedha swali hilo bungeni kabla ya bajeti ijayo. Na kamati za maadili zinazoidhinisha tafiti zidai sharti moja zaidi: matokeo, yawe mazuri au mabaya, yasomwe kwa Kiswahili mbele ya waliojitolea, huko huko Majengo na Mukuru, kabla ya kupelekwa London.