Picha Ipatikanayo kwa Dhuluma

Wako wapiga picha wasemao kuwa kamera haina kosa, maana haimwagi damu. Bunduki, husema, humwua ndege. Kamera humpa uhai wa pili. Neno hili ni tamu masikioni, lakini kwa ndege walao nyama katika mbuga za wazi, aghalabu si kweli.

Na atazamwe karani tamba katika nyika ya Serengeti. Ndege huyu wa miguu mirefu huwinda kwa kutembea, akikanyaga nyasi ili panzi, panya na nyoka watoke mafichoni. Hujenga kiota chake juu ya mgunga, na makinda hukaa humo zaidi ya miezi miwili. Mwaka 2020 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Gari liachapo njia likamwandama, yeye huyaacha mawindo, hukimbia, na mwisho huruka. Hapo mwenye kamera hufurahi, kwa kuwa amezipata mbawa zilizokunjuliwa. Akaandika chini ya picha kwamba ndege yu huru. Uhuru gani huo? Ndege alikuwa akikimbia, na hofu yake imepewa jina lisilo lake.

Tumbusi naye hudhulumiwa asubuhi. Mwili wake ni mzito. Hungoja jua liipashe ardhi moto, hewa ya joto ipande, naye apande nayo bila ya kupiga mbawa sana. Mpiga picha apendaye nuru ya alfajiri humfukuza mzogani kabla ya wakati huo, na ndege hulazimika kutumia nguvu zile zile alizokuja kuzitafuta.

Watetezi hujibu kuwa bila ya kusogea karibu elimu haipatikani. Hoja hii yavunjwa na mfano mmoja. Wataalamu wa Uingereza walipima teke la karani tamba aliyefugwa, akafundishwa kumpiga nyoka wa mpira. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: nguvu ya teke ni mara 5 ya uzito wa ndege mwenyewe. Elimu ilipatikana, wala hakuna kinda nyikani lililoachwa juani kwa ajili yake.

Wengine humtupia dereva lawama. Dereva aijua sheria ya hifadhi kwamba gari lisiache njia. Lakini amwonapo mgeni amekasirika, huiona na riziki yake i mashakani. Aamuruye sheria ivunjwe ndiye mvunjaji wa kwanza.

Haisemwi hapa kwamba kamera zitupwe. Picha njema imewafanya wengi kuwapenda ndege waliohesabiwa zamani kuwa nuksi. Lakini picha ni shahidi, na ushahidi uliopatikana kwa vitisho hukataliwa barazani. Mpiga picha na azime gari njiani, akae, angoje. Karani akimjia kwa hiari yake, picha itakuwa ya kweli. Asipomjia, na arudi mikono mitupu na heshima yake. Bora kamera tupu kuliko kiota kitupu.