Mtihani Mkali na Wazazi Wasioelezwa



Kuna neno linalotembea katika jumuiya zetu, nasi hatuwezi kulipita kimya. Linasema kwamba mitihani ya taifa imekazwa ili mtoto wa maskini asipate diploma. Linasemwa sokoni, linasemwa uani mwa kanisa baada ya Misa, na wanaolisema si watu wa kubezwa. Ni akina mama wanaouza unga kwa kipimo cha kopo ili kulipa minervali, ni akina papa waliouza shamba kwa ajili ya mtoto mmoja wa mwaka wa mwisho. Neno lao si la kweli. Hata hivyo hatuwalaumu wao. Tunawalaumu wanaojua ukweli wa jambo na hawausemi kwa lugha ambayo mzazi anaielewa.

Mtihani wa Serikali si jambo la jana. Uliwekwa mwaka 1967, na tangu hapo mtoto wa Kamina na mtoto wa Kinshasa hupimwa kwa kipimo kimoja, hata kama shule zao hazifanani kamwe. Serikali ilipozitwaa shule zote mwaka 1974, na hata Makanisa yaliporudishiwa usimamizi kwa mkataba wa mwaka 1977, mtihani ulibaki mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo mzazi anayefikiri kwamba shule ya Kanisa ina mlango wake wa uani wa kupatia diploma, anajidanganya.

Kilichoongezeka ni milango. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka minane, na baada yake ukaja mtihani wa kitaifa mwishoni mwa mwaka wa nane, wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi. Zamani mtoto alikutana na taifa mara mbili tu: alipomaliza msingi na alipomaliza sekondari. Sasa anakutana nalo mara tatu. Kisha, kila kikao kinapokaribia, makatazo yanarudiwa kwa sauti kubwa zaidi: simu isiingie ukumbini, mgeni asiingie ukumbini, atakayekamatwa atafutiwa mtihani. Huo ndio ukali wenyewe, na ndani yake hatuoni hata kifungu kimoja kinachomtaja maskini.

Basi kwa nini mzazi anauona kuwa silaha dhidi yake? Tazameni jinsi anavyopata habari. Anaitwa shuleni kwa mkutano. Perefe anasimama, anasoma barua kwa Kifaransa, anafafanua Kifaransa hicho kwa Kifaransa kingine, na mwishoni anageukia Kiswahili ili kutaja kiasi cha pesa. Mama anarudi nyumbani na jambo moja tu: franga zinatakiwa, tena nyingi kuliko mwaka jana. Je, tunashangaa akiamini kwamba ukali wa mtihani maana yake ni bei ya mtihani? Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Si lugha ya kutajia madeni peke yake.

Na katika giza hilo biashara inastawi. Pamoja na gharama halali ya kushiriki, huongezwa mchango usio na jina, au wenye majina mengi: wa kuwapokea wasimamizi, wa kuwalisha, wa «kuwalainisha». Mzazi huambiwa kwamba asipotoa, mtoto wake atakuwa peke yake ukumbini. Mtihani ukikazwa bila kuelezwa, mchango huo haukomi, unapanda. Muuzaji husema: «Mwaka huu ni vigumu zaidi, kwa hiyo ongezeni.» Hapo ndipo ukali ambao ungemlinda mtoto wa maskini unageuzwa kuwa sababu ya kumnyang'anya mama yake.

Hatusemi haya ili kumpendeza mtawala yeyote. Tunajua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Watoto wengi wa vijijini hufika mwaka wa mwisho bila kuwahi kuona maabara. Elimu ya msingi ya bure, ambayo Katiba iliiahidi katika kifungu cha 43 na ambayo ilianza kutekelezwa kwa kweli mwaka 2019, imejaza madarasa, na ni jambo jema lililokuja bila madawati ya kutosha. Mwalimu asiyelipwa kwa wakati hafundishi kama anayelipwa. Na katika maeneo ya vita kuna watoto wanaobadilisha shule kila bunduki zinaposogea. Ni haki gani, wanauliza, kumpima mtoto kwa kitu ambacho hakufundishwa?

Swali ni la haki. Jibu linalotolewa mitaani, yaani kununua alama, ndilo lisilo la haki. Fikirini shule isiyo na mwalimu wa hesabu kwa miaka miwili. Kama wanafunzi wake wote wanapata diploma kwa njia ya bahasha, shule hiyo kwenye karatasi ni shule njema, na hakuna mkaguzi atakayesumbuka kuitazama. Perefe atapongezwa. Mwaka unaofuata hakutakuwa na mwalimu wa hesabu tena, kwa maana nani alimlilia? Alama mbaya lakini ya kweli ni ushahidi ambao chama cha wazazi kinaweza kuuweka mezani na kuuliza: watoto wetu arobaini wameanguka, mwalimu yuko wapi? Alama ya kununuliwa humfunga mzazi mdomo, kwa sababu naye ametia mkono katika kuinunua.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia jambo hili mbele ya macho ya wote. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama A katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Mwaka 2016, Waziri Fred Matiang'i na Profesa George Magoha walipoziba njia za wizi wa mitihani, waliopata A walikuwa 141. Watoto wa nchi nzima hawakupumbaa kwa muda wa miezi kumi na miwili. Wazazi wengi walishtuka, na kulikuwa na mabishano makali kuhusu usahihishaji, mengine yenye msingi. Hata hivyo nchi ilijua kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwamba A ya zamani na A mpya hazikuwa na uzito uleule. Sisi tunaogopa kujua. Tunamwagiana unga na poda barabarani siku ya matokeo, na ni vema kushangilia. Lakini wengine chini ya poda ile wanajua hawawezi kuandika barua ya kuomba kazi bila kusaidiwa.

Ndiyo maana tunawageukia ninyi. Ninyi mliokwisha kuuketi mtihani huu, na ninyi mtakaouketi mwaka huu, mnajua mambo ambayo wazazi wenu hawajaambiwa na mtu. Yasemeni mezani, jioni, kwa maneno ya nyumbani.

Waambieni kwamba mtihani wa Serikali hauanzi siku ile wanapowaona mmevaa sare mpya. Kwanza kuna insha na mtihani wa mdomo wa Kifaransa, na kwa wa ufundi kazi ya mikono mbele ya jopo, hayo hutangulia. Kisha huja siku nne za kikao chenyewe. Waambieni kwamba maswali ya siku hizo ni ya kuchagua jibu, na mwanafunzi huweka alama kwenye karatasi maalumu. Mwenye kubahatisha kila swali lenye majibu matano hutarajia kupata kama ishirini kwa mia, wakati diploma inataka hamsini. Bahati haiwezi kuvuka pengo hilo. Waambieni pia kwamba karatasi za maswali hutolewa kwa mfululizo tofauti, hata majibu ya jirani yako yanaweza kuwa sumu kwako. Mzazi akiyaelewa haya mawili, bei ya yule anayeuza «majibu ya uhakika» usiku wa kuamkia mtihani itashuka yenyewe, kwa maana atauliza: ya mfululizo upi?

Waambieni jambo lingine, ambalo ni gumu zaidi kulisema. Waambieni kwamba saa mbili za usiku bila kuteka maji, bila kuuza mkaa, bila kubeba mtoto, zina faida kuliko bahasha. Hapa tunawasemea hasa wasichana. Katika nyumba nyingi kaka hupewa taa na dada hupewa sufuria, kisha dada akianguka husemwa kwamba mtihani ulikuwa mkali, na mwaka unaofuata pesa yake inapewa mdogo wake wa kiume. Mtihani haukumfukuza binti huyo shuleni. Alifukuzwa jikoni, jioni baada ya jioni, na sharti mzazi alisikie hilo kutoka kwa mtu anayempenda.

Nao wakubwa wa shule tuna neno nao. Kukaza mlango wa kutokea bila kutengeneza ngazi ya kupandia ni kazi nusu. Anayetangaza makatazo kumi kwa mwanafunzi atangaze pia, mbele ya wazazi walewale, ni masomo gani hayakufundishwa mwaka huu na kwa nini. Atuoneshe daftari la mahudhurio ya walimu kama anavyotuonesha orodha ya wadaiwa.

Tunapendekeza basi kwamba kabla ya likizo ya Pasaka kila kundi la vijana liombe kwa paroko saa moja baada ya Misa ya Dominika, na wazazi wote wa watahiniwa waalikwe, wa shule zote, si za Kanisa tu. Kijana mmoja aeleze mtihani kwa Kiswahili tangu insha hadi matokeo. Mwingine aandike ubaoni gharama halali ya kushiriki, pamoja na tarehe ya hati ya mamlaka iliyoipanga. Chini yake aandike kila mchango mwingine ambao wazazi wametakiwa kutoa, na mbele ya kila mmoja aache nafasi tupu ya jina la aliyeuomba. Perefe aalikwe pia. Kama ana maelezo ya kujaza nafasi hizo, ayatoe hapohapo, kwa Kiswahili.