Roho ya biashara tuko nayo, njia ndiyo hatuna



Kila mwaka ni wimbo ule ule. Umevaa toga, wazazi wanapiga picha, mkubwa mmoja anashika mikro: «Musingoje kazi ya Leta, muanzishe biashara. Vijana wa Ituri hamuna roho ya kujitegemea.» Watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Leo sipigi tena. Nilisoma usimamizi wa biashara. Baada ya diploma nilichukua dola 150 za mama, nikaanza kuleta samaki kavu kutoka Kasenyi. Safari ya kwanza, faida. Ya pili, bariere moja ikaomba, nyingine ikaomba, na sokoni akaja mtu wa takse bila karatasi yoyote. Ya tatu, masasi yalilia mbele yetu, gari likarudi, tukangoja siku tano, samaki wakashika wadudu. Roho haikuisha. Kapitali ndiyo iliisha.

Wengi wetu tumemtaja Icek Ajzen kwenye memwari. Tangu 1991 nadharia yake iko wazi: nia ya mtu inatoka kwa namna anavyoiona kazi yenyewe, namna watu wake wanavyoiona, na kama anaamini ataiweza. Wakubwa wanahubiri ile ya kwanza tu. Ya pili ni ya kwetu nyumbani, tuseme ukweli: mjomba bado anauliza ni ONG gani imekuchukua. Lakini ya tatu hawaigusi, sababu inawahusu wao. Mwanafunzi anayetuona na diploma zetu, tumeketi tu, anajifunza zaidi hapo kuliko kwa semina kumi.

Utawala wa kijeshi uliingia Ituri tarehe 6 Mei 2021, walisema ni juu ya usalama. Septemba 2022 Kinshasa ikatia saini sheria ya kusaidia wenye kuanzisha biashara. Hapa Bunia, nani amekusomea hata ukurasa mmoja?

Tunataka bariere za kuomba pesa zitoke kwenye barabara za Kasenyi na Mahagi. Takse zote na bei zake zibandikwe ukutani sokoni. Na mkopo usiombwe garanti ya parsele kwa mtoto ambaye baba yake mwenyewe ni mpangaji.

Wewe mwenye umelipishwa bila karatasi: andika tarehe, mahali na franka ngapi, ututumie. Orodha hiyo tutaipeleka wenyewe, kwa miguu, mpaka ofisi ya gavana.