Asiye na akaunti naye abishe hodi akaribishwe

Tangu shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, desturi moja imeota mizizi katika elimu yetu. Mwalimu hatosheki tena na ubao na chaki. Kazi huiweka katika hifadhi ya mtandaoni, kisha huwatumia wazazi na wanafunzi kiungo. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, lakini kiungo hakikurudi kilikotoka. Leo mazoezi ya likizo, miongozo ya fasihi na hata taarifa za mikutano ya wazazi hupita njia hiyo. Swali ambalo hatujaliuliza vya kutosha ni hili: mpokeaji asiye na akaunti hukuta nini akikibonyeza kiungo hicho?

Tuchukue mfano wa Mwabungo, kijiji kilichoko kusini mwa Diani, katika barabara iendayo Lungalunga. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kwale, si ajabu simu moja ya kisasa kutumiwa na nyumba nzima. Pengine akaunti iliyomo ilifunguliwa na muuzaji siku simu iliponunuliwa, na neno lake la siri halijulikani na yeyote nyumbani. Mtoto wa darasa la sita akibonyeza kiungo cha mwalimu wake, badala ya zoezi la hesabu hukuta ukurasa unaomwambia kwamba hana ruhusa, na kwamba aingie kwa akaunti yake au aombe idhini. Aghalabu ukurasa huo umeandikwa kwa Kiingereza. Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi Google haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti mwenyewe. Yaani mwanafunzi wa shule ya msingi anadaiwa kitu ambacho kanuni za mwenye huduma zinamkataza kuwa nacho peke yake!

Hapa wanaisimu tuna la kusema. Katika lugha yetu, hodi na karibu ni kauli mbili zinazotegemeana. Anayebisha hodi hana haja ya kuwa na nyumba katika mtaa huo. Anachohitaji ni sauti yake na subira. Naye mwenyeji ana wajibu wa kujibu, awe anamjua mgeni au hamjui. Kitufe cha kuomba idhini kinafanana na hodi kwa umbo tu. Ombi huenda katika baruapepe ambayo mwalimu huenda huifungua mara moja kwa juma, na jibu likija, mtihani umekwisha kufanywa. Hodi isiyoitikiwa ni mlango uliofungwa, hata kama mwenye nyumba hakukusudia kuufunga.

Wala jambo hili si geni. Nchini Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840 yaliyopiganiwa na Rowland Hill, gharama ya barua mara nyingi ililipwa na aliyeipokea. Asiyekuwa na fedha aliikosa barua yake. Stempu iliuhamisha mzigo huo kutoka kwa mpokeaji hadi kwa mtumaji. Kwetu nasi, asiyekuwa na sanduku la posta hakunyimwa habari za jamaa zake: barua ilipitia S.L.P. ya shule, ya msikiti au ya mwenye duka, ikamfikia. Na M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom Machi 2007, aliyesajiliwa aliweza kumtumia fedha asiyesajiliwa. Mpokeaji alipata ujumbe mfupi wenye namba maalumu, akaenda nao kwa wakala, akachukua fedha zake. Ada ya ziada ilimwangukia mtumaji. Mifano hii inatufunza kanuni moja: chombo cha mawasiliano huenea pale mzigo unapobebwa na yule mwenye uwezo wa kuubeba, na katika uhusiano wa mwalimu na mzazi wa Mwabungo, mwenye uwezo huo ni mwalimu.

Mbona basi huduma nyingi hushikilia akaunti? Sababu moja ni usalama, na nitairudia. Nyingine ni biashara. Kampuni huhesabu waliojiandikisha, na kila kiungo kinachotumwa ni nafasi ya kumpata mteja mpya. Ndiyo maana baadhi ya huduma, hata pale ambapo faili liko wazi kwa kila mtu, hutanguliza tangazo kubwa la kujiandikisha, na maneno ya kuendelea bila akaunti yakawekwa pembeni kwa herufi ndogo. Mtu mzoefu huyaona. Asiyezoea huamini kwamba amezuiwa, akaifunga simu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kupuuza hoja ya usalama. Mwaka 2019 shirika la Mozilla lilianzisha Firefox Send, huduma iliyomwezesha mtu kupokea faili bila akaunti yoyote. Mwaka uliofuata ilisimamishwa, kisha ikafungwa kabisa, baada ya wahalifu kuitumia kusambaza programu haribifu. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya habari binafsi za mtoto kushughulikiwa. Orodha ya alama yenye majina ya wanafunzi haifai kuachwa wazi kwa kila mwenye kiungo, kwa kuwa kiungo husafiri kutoka kundi hadi kundi bila ya mwenyewe kujua.

Lakini uwazi na ulinzi havigombani. Si mbali na Mwabungo uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya makaya ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni aendaye huko haambiwi awe Mdigo kwanza. Hupewa kaniki ajifunge, huongozwa na mwenyeji, na hukatazwa kuchukua chochote, hata jani. Anaingia, anaona, anatoka, na kaya inabaki kama ilivyokuwa. Kiungo kizuri nacho ndivyo kinavyopaswa kuwa: kimruhusu yeyote kusoma, kisimruhusu kubadilisha.

Kwa walimu, basi, mambo ya kufanya si mengi. Kwanza, hifadhi nyingi, Google Drive ikiwamo, huliacha faili likiwa limefungwa mpaka mwenyewe aamue vingine. Kwa hiyo mwalimu abadilishe idhini, achague kila mwenye kiungo aweze kusoma tu. Pili, akijaribu kiungo kwa simu yake mwenyewe kitafunguka daima, kwa sababu yeye ndiye mwenye faili. Na akijaribu katika simu isiyo na akaunti, au katika dirisha la faragha la kivinjari. Tatu, aandike katika ujumbe faili ni la nini na lina ukubwa gani, maana bando hununuliwa kwa fedha. Zoezi la maswali matano lina haja gani ya faili? Liandikwe katika ujumbe wenyewe. Nne, alama na ripoti za mtoto apewe mzazi wake peke yake, na kiungo chochote cha muda kiwekewe siku ya kufa. Tano, nakala moja ya karatasi ibaki shuleni kwa ajili ya asiye na simu kabisa.

Nanyi wanafunzi wa ualimu na wa sayansi ya kompyuta, mtakaotunga vyombo hivi kesho, kumbukeni kwamba ukurasa wa kukataa ni matini kama matini nyingine. Uandikwe kwa Kiswahili, useme wazi kilichokosekana, na umwonyeshe msomaji njia ya pili.

Serikali na wahisani hupenda kuhesabu vishikwambi vilivyogawiwa shuleni. Hesabu hiyo haitatuambia ni watoto wangapi waliofungua kiungo wakasoma, na ni wangapi walioishia mlangoni. Pengo la elimu kati ya mtoto wa Nairobi na wa Mwabungo lina sababu nyingi zilizo nje ya uwezo wa mwalimu mmoja. Hii ya kiungo imo mikononi mwake, na kuiondoa kunahitaji dakika mbili.