Leseni ya fotokopi itozwe kwa kurasa, si kwa mashine

Fotokopi ni miongoni mwa biashara chache ambazo mwenye mtaji mdogo anaweza kuzianza kwa mashine moja, rimu chache za karatasi na kibaraza chenye umeme. Karibu na vyuo, kuanzia Mlimani hadi Mzumbe, kazi kubwa ya mashine hizo ni vitini na sura za vitabu. Hapo ndipo linapozuka suala la mirabaha ya mwandishi na mchapishaji: ilipwe na nani, na kwa hesabu gani?

Kwamba kuna deni, hilo halina ubishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, pamoja na ile ya Kenya ya mwaka 2001, zinampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza kurudufiwa kwa kazi yake. Nafasi anayoachiwa mtu anayejinakilia kwa matumizi binafsi haiwezi kuwa kinga ya duka linalotoa kopi mia za kitabu kizima kwa faida.

Wenzao wa nje wamekwishaonja gharama zake. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliitia hatiani kampuni ya Kinko's kwa kutengeneza na kuuza vitini vya wanafunzi bila idhini ya wachapishaji, ikaamuru ilipe fidia ya dola 510,000. Hoja kwamba kazi hiyo ilikuwa ya elimu haikuiokoa. Mwaka 1994 kampuni ya mafuta ya Texaco nayo ilishindwa katika rufaa, kwa sababu ya kopi za makala za majarida zilizotolewa kwa ajili ya watafiti wake. Mahakama ilizingatia kwamba idhini ilikuwa ikipatikana kwa malipo kupitia Copyright Clearance Center, taasisi iliyoanza kazi mwaka 1978. Kwa lugha ya sokoni, leseni ikishapatikana kwa urahisi, udhuru wa asiyeikata unapungua nguvu.

Ni kweli kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilitupilia mbali kesi ya wachapishaji wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, dhidi ya duka la fotokopi lililokuwa ndani ya chuo kikuu. Baadaye mwaka huo huo majaji wa rufaa waliagiza baadhi ya hoja zisikilizwe, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi. Hata hivyo, nafuu hiyo ilitokana na kifungu cha sheria ya India kuhusu ufundishaji. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam asiichukue kuwa ni ngao yake.

Lakini deni halali linaweza kudaiwa kwa njia mbovu, na njia mbovu kuliko zote ni ada moja kwa kila mashine. Tuseme ada ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Duka lililo karibu na chuo, likitoa kurasa 60,000 za vitabu, litakuwa limelipa shilingi 5 kwa ukurasa. Duka lililo karibu na mahakama, ambalo kazi yake ni vyeti, hati na vitambulisho, huenda likatoa kurasa 3,000 tu za vitabu. Hilo litakuwa limelipa shilingi 100 kwa ukurasa, na pale kopi inapouzwa shilingi 100, ada imemeza mauzo yote kabla ya karatasi, tona na umeme. Kwa kiwango cha shilingi 5 kwa ukurasa, duka hili la pili lingelipa shilingi 15,000 tu.

Aidha, fedha isiyo na kumbukumbu haigawanyiki. Mkusanyaji asiyejua ni kitabu gani kilichorudufiwa hawezi kujua amlipe nani. Uingereza, kupitia Copyright Licensing Agency iliyoundwa mwaka 1983, huuza leseni kwa shule, vyuo na makampuni, kisha takwimu za kazi zinazonakiliwa husaidia kugawa mapato. Kenya nayo ina KOPIKEN, iliyosajiliwa mwaka 1995 kwa shughuli hiyo hiyo.

Utaratibu wa busara ni chuo kubeba leseni kuu, kwa kuwa mhadhiri ndiye anayeagiza kitini, na duka lilipie kurasa za vitabu linazouza lenyewe. Wenye hisa wana maslahi pia. Kampuni kama Longhorn, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2012, hupata fedha kwa kuuza vitabu, na kila kitabu kinachorudufiwa bila malipo ni pato lililopotea.

Mwenye mashine naye asingoje kufuatwa. Daftari la shilingi chache, lenye jina la kitabu, idadi ya kurasa na jina la aliyeagiza, ndilo litakalompa hoja siku ya kupanga viwango. Asiye nalo atakadiriwa, na makadirio hayajawahi kumpendelea mfanyabiashara mdogo.