UKAME HAUCHAGUI MITAA



Mwezi Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji kutangazwa jijini Dar es Salaam, tulipiga magoti tukaomba mvua. Hatujuti kusali. Mvua ni ya Mungu, na anayeiomba hakosei. Tunalojutia ni kwamba tulipoinuka kutoka magotini hatukuuliza swali la pili: yale maji yaliyokuwapo, hata katika majuma yale ya dhiki, yalikwenda wapi? Ndani ya parokia yetu hii moja kulikuwa na mitaa ambayo bustani zilimwagiliwa, na bondeni, mwendo wa dakika kumi, akina mama walipanga madumu usiku wa manane. Ukame hauchagui mitaa. Ratiba ya mgao ndiyo huichagua, na ratiba huandikwa na binadamu.

Tuikumbuke historia yenyewe, kwa maana wengi wetu tumezoea kuamini kwamba shida hii ilishuka kutoka mbinguni. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho jiji lilikua na mitambo ikabaki ile ile, ikizeeka. Upanuzi wa maana ulikuja katika miaka ya 2010, ambapo Ruvu Chini iliongezewa uwezo hadi lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu hadi lita milioni 196. Hiyo ni kazi kubwa, na si haki kukosoa bila kuikiri. Lakini mitambo yote miwili hunywa katika mto mmoja, unaoteremka kutoka milima ya Uluguru, na upanuzi ule haukuambatana na bwawa la kuweka akiba ya masika kwa ajili ya kiangazi. Bwawa la Kidunda, linalokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, limezungumziwa kwa miongo kadhaa, kutoka mpango hadi mpango na kutoka hotuba hadi hotuba. Mkataba wa kulijenga ulitiwa saini Novemba 2022, muda mfupi baada ya mgao kutangazwa. Tunashukuru kwamba ulitiwa saini. Lakini yatupasa tuulize ni nani aliyekuwa na jukumu la kuusaini katika miaka yote iliyotangulia, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyetakiwa kujieleza.

Wala tusidhani kwamba mto peke yake ndio wenye lawama. Kwa miaka mingi hesabu za huduma hii zimeonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya jiji hili hupotea njiani: mengine huvuja katika mabomba yaliyochakaa, mengine huchukuliwa na waliojiunganishia kinyemela, mengine hupita katika mita mbovu. Fikirini mama aliyebeba ndoo tatu kutoka Ruvu, na moja ikamwagika yote kabla hajafika Kimara. Je, tungemwambia asali zaidi, au tungemsaidia kuziba ndoo? Na ukienda kuuliza habari ya bomba linalovuja barabarani kwa mwezi mzima, mwenyekiti wa mtaa atakuambia kwamba hana mamlaka juu ya bomba. Diwani atakuambia kwamba maji ni ya wizara. Mhandisi atakuambia kwamba bajeti haijatoka. Na katika mkutano wa hadhara mkubwa mmoja atakuambia kwamba mvua hazikunyesha. Hapo mzunguko umekamilika, na aliyebaki na hatia ni Mwenyezi Mungu.

Katika Maombolezo, sura ya 5, watu walioshindwa vita wanamlilia Mungu kwamba imewabidi kununua hata maji yao wenyewe ya kunywa. Mwandishi aliliona jambo hilo kuwa alama ya utumwa. Sisi tumeliona kuwa biashara ya kawaida. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Katika miaka ya karibuni mwenye mita nyumbani mwake amekuwa akiilipia uniti hiyo chini ya shilingi 2,000. Sasa tuseme mpangaji wa chumba kimoja, asiye na mita, ananunua kwa mwenye mkokoteni dumu la lita 20 kwa shilingi 300. Kwa maji yale yale atakuwa amelipa shilingi 15,000. Maskini wa jiji hili hapewi maji ya bure hata kidogo. Analipa zaidi ya tajiri, halafu huambiwa kwamba huduma haiboreshwi kwa sababu wananchi hawapendi kulipa. Asipoweza kulipa hurudi kwenye kisima cha karibu na choo. Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka jijini humu na kuenea nchini, hatukuhitaji mtaalamu wa kutueleza kilianzia katika nyumba za namna gani.

Watu husema kwamba vigogo ndio wenye maboza, na ndiyo sababu mabomba hayatoi maji. Tume haina ushahidi wa neno hilo, wala haipendezi Mkristo kueneza uvumi. Hata hivyo, tangu mwaka 1995 ipo sheria ya maadili ya viongozi wa umma inayowataka viongozi kutangaza mali zao. Mwenye boza na alitangaze boza lake, uvumi utakufa wenyewe.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kumkabidhi mwekezaji, na wapo wanaoamini kwamba dawa ni kumfukuza. Dar es Salaam imeyajaribu yote mawili. Agosti 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji ya jiji kwa mkataba wa miaka kumi, na ubinafsishaji huo ulikuwa mojawapo ya masharti ya wakopeshaji wa nje. Mwezi Mei 2005 Serikali iliuvunja mkataba huo. Mashauri yakafunguliwa nje ya nchi, na mwaka 2008 hukumu mbili zikatoka: moja iliiamuru kampuni kuilipa Tanzania, nyingine ilisema kwamba Serikali ilikiuka mkataba wa uwekezaji lakini haikuamuru fidia yoyote ilipwe. Mawakili walizijadili hukumu hizo kwa kirefu. Sisi tunakumbuka kwamba mkataba ulipotiwa saini hatukuulizwa, na ulipovunjwa hatukuelezwa. Tulisoma magazetini kama watu wanaosoma habari za mji wa mbali. Shirika la umma lililofuata lilirithi mabomba yale yale na desturi ile ile ya kutowaambia wateja chochote isipokuwa tarehe ya kukatiwa.

Tunajua tutaambiwa tusichanganye dini na siasa. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 8, inasema kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi, na muumini hakuacha kuwa mwananchi siku alipobatizwa. Marehemu Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Wanaotutaka tunyamaze wajibu kwanza ni lipi kati ya hayo mawili lisilo la kweli.

Tunaomba hasa wahubiri wetu waisome upya sura ya 17 ya Kutoka. Mara nyingi tumeitumia kuwakemea waamini wanaonung'unika. Ni kweli kwamba watu wale walimjaribu Mungu kule Refidimu, na Maandiko hayafichi kosa lao. Lakini tazameni Mungu alifanya nini. Hakumwagiza Musa awanyamazishe wenye kiu. Alimwagiza apite mbele ya watu, achukue fimbo yake na baadhi ya wazee wa Israeli, aende mwambani, na wazee wale wakaona kwa macho yao maji yakitoka. Kiongozi alitumwa kazini mbele ya mashahidi.

Nasi Kanisa tusijifanye mashahidi wasio na doa. Parokia yetu ina kisima kirefu, na kwa sababu hiyo ofisini, jikoni kwa mapadre na ukumbini hatukuuona mgao wa mwaka 2022. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na Halmashauri ya Walei ilijadili ukarabati wa ukumbi katika vikao viwili mfululizo kabla ya mtu yeyote kutaja maji. Maji ya kisima hicho yaliuzwa kwa majirani kwa bei ile ile ya mkokoteni. Mama mmoja wa WAWATA alituuliza mbele ya watu kama hilo nalo ni tendo la huruma. Hatukuwa na jibu. Tangu hapo Tume imeiomba Halmashauri ishushe bei hadi kiasi cha kulipia umeme na matengenezo tu, na kubandika hesabu za kisima mlangoni mwa kanisa kila mwezi. Tunaandika haya hadharani ili mtudai, kwa kuwa hatuwezi kumdai diwani hesabu tusizozitoa wenyewe.

Kwa hiyo tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo zote zifungue daftari la maji. Humo iandikwe siku maji yalipotoka na saa ngapi, bomba gani linavuja na tangu lini, nani alipelekewa taarifa, kwa jina la cheo chake, na alijibu nini. Bei ya dumu iandikwe pia. Vijana wa VIWAWA wawasaidie wazee wasioona vizuri, na asitajwe jirani yeyote kwa chuki. Wizi wa maji ukionekana, taarifa ipelekwe panapohusika. Pale ambapo mabomba mapya yalilazwa karibu na uchaguzi, mita zikafungwa, na hadi leo hazijahesabu kitu isipokuwa hewa, tarehe ya kulazwa iandikwe pamoja na jina la aliyekuja kuyazindua, kwa kuwa hilo lilifanyika hadharani na si siri ya mtu.

Viongozi wa jumuiya walete madaftari hayo parokiani Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, baada ya Misa ya pili. Baada ya miezi mitatu Tume itayafanyia muhtasari, na nakala zitapelekwa kwa diwani, kwa mbunge, kwa mamlaka ya maji na kwa EWURA. Watakaojibu, majibu yao yatasomwa kanisani kama yalivyo. Wasiojibu, tarehe tuliyowapelekea itasomwa.