Jukwaani Hakuna Bitok

Ukipita Buyenzi, hapa Bujumbura, jioni, nyuma ya magereji, utasikia vyuma vikigongana kabla hujawaona wanaovibeba. Diski za breki, gia za malori, mikebe iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Vijana wa huku hawakungoja jim za Rohero zenye vioo na viyoyozi, na kwa hilo nawavulia kofia. Wana hoja moja tu inayonikera, na siku hizi imetoka uani, inasemwa kwenye mabaa na pwani ya ziwa, hata na watu ambao hawajawahi kubeba kitu kizito kuliko simu. Wanasema mcheza mpira anateseka dakika 90, kisha anakwenda zake kula mishikaki. Mtunisha misuli anateseka saa 24, maana hata akilala mwili wake unafanya kazi na hata akila anafanya mazoezi. Kwa hiyo, wanahitimisha, kutunisha misuli ni kugumu kuliko mchezo wowote wa mashindano.

Ni uongo. Ni uongo wenye jasho la kweli ndani yake, ndiyo maana unaaminika.

Nianze na hilo jasho, nisije nikaambiwa naongea kwa wivu wa kitambi. Anayejiandaa kupanda jukwaani hutumia wiki nyingi akiyeyusha mafuta ya mwili, wali anaupima kwa mizani, yai analila jeupe tu. Siku za mwisho anapunguza maji na kuchezea chumvi na wanga ili ngozi ishikane na msuli. Yule unayemwona pale mbele kama simba ana kizunguzungu, midomo imemkauka, na pengine hajawahi kuwa dhaifu kama siku hiyo. Kukaza misuli yote kwa pamoja chini ya taa kali huku ukitabasamu kunatetemesha magoti. Jaribu dakika mbili tu mbele ya kioo. Wengine wamelipa kwa roho zao. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyeshindana kwa jina la Ufaransa, alishinda Uholanzi Oktoba 1992 na kufariki saa chache baadaye, baada ya dawa za kukausha maji mwilini kumwelemea moyo.

Basi unataka ushahidi gani zaidi, wananiuliza. Ushahidi wa mateso ninao wa kutosha. Ninaoutafuta ni wa mchezo.

Kama mateso ndiyo kipimo, bingwa wa Burundi hatoki jim, anatoka Bugarama. Tazama Barabara ya Taifa namba 1 alfajiri, wale wachukuzi wa baiskeli wanavyoteremsha ndizi na makaa kutoka kwenye baridi ya zaidi ya mita 2,000 mpaka kwenye joto la Bujumbura. Mzigo unamzidi mwenye baiskeli kwa uzito, kona haina huruma, na kurudi anajishikiza nyuma ya lori linalopanda mlima. Wako waliokufa barabarani humo, na tunapita. Hawana kocha, hawana wiki ya mapumziko, na njaa yao hawakuiandika kwenye daftari wala hawakuipangia tarehe ya kwisha. Hakuna aliyewahi kusema kwamba wanacheza mchezo mgumu kuliko mpira, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kazi ngumu ni jambo moja na mchezo mgumu ni jambo jingine. Tofauti hiyo tunaisahau tu pale anayeteseka anapokuwa na kifua kipana na picha nzuri.

Na hiyo njaa yenyewe! Katika mji ambao familia nyingi zinahesabu ndagala kabla ya kuwaweka sufuriani, mtu anayeacha kiini cha yai kwa hiari yake ananiambia nimwonee huruma kwa njaa. Sitaki.

Turudi jukwaani. Ronnie Coleman, aliyekuwa polisi wa mji wa Arlington huko Texas, alitwaa taji la kutunisha misuli la Mr. Olympia mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Aliwahi kuchuchumaa na chuma cha kilo 363 mabegani, akainuka nacho mara mbili. Miaka ya karibuni amekuwa akitembea kwa magongo baada ya operesheni nyingi za mgongo na nyonga. Nani atamwita mvivu? Lakini zile kilo 363 hazikumpa hata pointi moja. Waamuzi wa Mr. Olympia hawaulizi umebeba nini, wanatazama umekuwaje. Kama angeupata mwili uleule kwa kubeba kilo 100, wangempa taji lilelile. Ni mchezo gani huu ambao tendo gumu kuliko yote uliyowahi kuyafanya haliingii kwenye hesabu?

Wala hili halikuanza jana. Septemba 1901, mtunisha misuli Eugen Sandow alipoandaa mashindano yake makubwa ya miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, aliwaita wamsaidie kuamua mchonga sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle. Mchonga sanamu na mtunga hadithi za upelelezi. Sandow alijua anachokifanya: alitaka watu wenye jicho la umbo. Matokeo yake tuliyaona Sydney mwaka 1980, Arnold Schwarzenegger aliporudi baada ya miaka 5 ya kustaafu na kupewa taji la Mr. Olympia, huku sehemu ya ukumbi ikizomea. Mshindani wake Mike Mentzer aliona ameonewa, akaacha kushindana moja kwa moja. Wapenzi wa vyuma wanabishana juu ya usiku ule hadi leo na hawatamaliza, kwa kuwa hakuna saa wala goli la kuwaamulia.

Najua, hata sarakasi za gimnastiki zina waamuzi wa kutoa alama. Lakini mwanagimnastiki anaweza kuanguka mbele ya macho yako. Mtunisha misuli akishapanda jukwaani, sehemu kubwa ya kazi yake ilikwisha wiki iliyopita.

Sasa, uone mchezo mgumu unavyokuwa, nikupeleke kwenye Olimpiki ya Atlanta, tarehe 3 Agosti 1996. Siku 9 kabla yake, hapa Bujumbura, Pierre Buyoya alikuwa ametwaa madaraka kwa mapinduzi. Tarehe 31 Julai viongozi wa kanda walikutana Arusha na kutangaza vikwazo dhidi yetu. Nchi ilikuwa vitani, na ilikuwa ikishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika hali hiyo Venuste Niyongabo alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 5,000, umbali aliokuwa mgeni nao. Jina lake lilikuwa la mita 1,500, ambazo mwaka mmoja kabla, kule Gothenburg, zilimpa shaba ya dunia. Kwa nini hakukimbia hizo? Nitasema.

Mzunguko wa mwisho Niyongabo aliondoka. Nyuma yake alikuwapo Paul Bitok wa Kenya, mtu aliyekuwa na medali ya fedha ya Barcelona tayari na hamu ya kuibadilisha iwe dhahabu. Bitok alimfuata mpaka kwenye utepe. Niyongabo alitumia 13:07.96, Bitok 13:08.16. Kati ya dhahabu ya kwanza ya Burundi na kusahauliwa palikuwa na sehemu 20 za mia za sekunde moja.

Ugumu wa mbio zile ulikaa wapi? Ukiniambia kwenye maandalizi, nitakujibu kwamba Bitok naye alijiandaa. Alikimbia vilima vilevile vya maumivu, alilala mapema kama mwenzake. Maandalizi ya wawili hawa yalifutana. Kilichobaki ni mtu, mwenye mapafu kama yako, anayetaka kitu kilekile unachokitaka, anayebadilika kila unapobadilika, na ambaye ukiongeza mwendo anaongeza. Chuma hakifanyi hivyo. Kilo 100 za jana ni kilo 100 za leo, hazikukesha usiku zikisoma udhaifu wako. Na yule jirani yako jukwaani, hata akikuchukia namna gani, hana uwezo wa kukuzuia usikaze kifua. Mtunisha misuli anaweza kushindwa, bila shaka. Kupingwa hapingwi.

Hoja ya saa 24 nayo ni ya watu wanaomlinganisha bingwa wa vyuma na beki wa timu ya mtaani anayekuja mazoezini na harufu ya bia. Mlinganishe na mwenzake wa ngazi yake. Mwanariadha wa kimataifa aliye kwenye orodha ya kupimwa dawa hueleza mahali atakapokuwa kila siku ya mwaka, pamoja na dakika 60 ambazo mpimaji akibisha hodi lazima amkute. Akikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa. Iwe harusi, uwe msiba wa shangazi, iwe Idi. Mashindano makubwa ya kulipwa ya kutunisha misuli hayana utaratibu wa namna hiyo, na Schwarzenegger mwenyewe amekiri hadharani kwamba alitumia dawa za kujenga misuli.

Hapo ndipo nashindwa kuvumilia, maana namkumbuka Francine Niyonsaba, binti wa Ruyigi. Rio 2016 alileta medali ya fedha ya mita 800. Mwaka 2019 shirikisho la riadha la dunia liliweka kikomo cha homoni ya testosteroni kwa wanawake ambao, kama yeye, miili yao huitengeneza kwa wingi, katika mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Ni homoni aliyozaliwa nayo, hakuichoma kwa sindano. Akaambiwa aipunguze kwa dawa au aondoke kwenye mbio zake. Akaondoka. Akiwa mtu mzima alianza kujifunza mbio ndefu, dhidi ya Waethiopia na Wakenya waliokulia humo, na mwaka 2021 alimaliza wa 5 katika mita 10,000 za Tokyo. Wiki chache baadaye, Zagreb, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa 5:21.56. Mchezo ulimkataza homoni ya mwili wake. Kuna wanaojidunga homoni hiyohiyo kwa chupa halafu wanatuambia wao ndio wenye kazi ngumu.

Nilisema nitaeleza kwa nini Niyongabo hakukimbia mita 1,500. Mkimbiaji mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa na uwezo wa kukimbia Olimpiki ya 1988 na ya 1992. Zote mbili zilimpita kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Ndugu zangu wa vyuma, kwa hesabu yenu Kwizera hakukosa kitu. Njaa aliijua, usingizi aliupanga, mwili aliujenga na miguu ilikuwa tayari. Sehemu ngumu, mnayoiita saa 24, aliimaliza mara mbili. Angeweza kuvua shati mbele ya kioo akajipongeza. Badala yake alihangaika miaka mpaka nchi yake ikapata kamati, akaenda Atlanta kama kocha, na bado alikuwa anautamani ule mstari wa kuanzia. Niyongabo alilijua hilo. Akamwachia nafasi yake katika mita 1,500, mbio alizozimudu kuliko zote, na yeye akaenda kukutana na Bitok kwenye mita 5,000.